Taharuki katika Tanzia za Ugiriki na Roma ya Kale: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Watazamaji walikuwa wanaijua hadithi tayari. Taharuki ilitoka wapi?

Lalamiko hili lina umri mkubwa. Antiphanes, mtunzi wa vichekesho wa karne ya 4 KK, aliwaonea wivu waziwazi watunzi wa tanzia. Wao, alisema, kazi yao nyepesi: taja tu jina Oedipus, watazamaji wanamalizia wenyewe kwamba baba yake ni Laius, mama yake Jocasta, watoto wake ni fulani na fulani, alitenda hivi na yatampata haya. Mtunzi wa vichekesho ndiye maskini, inambidi abuni kila kitu.

Aristotle, katika Poetics, anapunguza chumvi. Hata hadithi mashuhuri, anasema, hujulikana na wachache tu, na bado zinawafurahisha wote. Kwa hiyo tusimfikirie kila aliyekaa kwenye ukumbi wa Dionysus, chini ya kilima cha Acropolis, kuwa alikuwa na nasaba nzima ya wafalme wa Thebes kichwani.

Lakini tuseme wote walijua. Kujua mwisho kunafuta swali moja tu, lile la "itakuwaje?" Mengine yanabaki: lini, kwa mkono wa nani, nani atang'amua kwanza, na huyu anayejiamini sasa hivi atajiamini mpaka dakika gani. Kwenye taarab ukumbi mzima unaujua wimbo, na bado watu wanakaa wakiusubiri ubeti wao ufike ndipo wainuke kwenda kutunza. Anayejua kinachokuja ndiye anayekisubiri kwa roho juu zaidi.

Mtunzi aliruhusiwa kuibadilisha hadithi?

Sana, kuliko inavyodhaniwa. Shina lilikuwa halikatwi: Aristotle anasema wazi kwamba Clytemnestra, malkia aliyemuua mumewe Agamemnon, lazima auawe na mwanawe Orestes. Matawi yalikuwa mali ya mtunzi. Katika Odyssey ya Homer, Oedipus anaendelea kutawala Thebes hata baada ya siri kufichuka kwamba alimuua baba yake na kumwoa mama yake. Kwa Sophocles, mmoja wa watunzi watatu wakubwa wa tanzia za Kigiriki pamoja na Aeschylus na Euripides, anajitoboa macho na kuomba afukuzwe nchini. Aeschylus anamuua kwanza Aegisthus, mume mpya wa Clytemnestra, kisha mama. Sophocles katika Electra anaanza na mama. Mtazamaji aliyeziona zote mbili hakuwa na uhakika mlango ukifunguka ni maiti ya nani itakayotolewa.

Mfano ninaoupenda zaidi ni Philoctetes ya Sophocles, iliyoshinda mwaka 409 KK. Kila mtu alijua kwamba Philoctetes, shujaa mwenye jeraha lisilopona, na upinde wake lazima wafike Troy, la sivyo mji hauanguki. Kijana Neoptolemus ametumwa amlaghai. Anamlaghai, anaupata upinde, kisha dhamiri inamsuta, anaurudisha, na mwishowe anakubali kumpeleka mgonjwa huyu nyumbani kwake badala ya vitani. Wanaanza kuondoka! Kwa mistari kadhaa hadithi nzima ya Troy inaning'inia kwenye uzi, mpaka Heracles anapotokea juu na kuwaamuru wageuze njia.

Na kuna waliobuni kabisa. Aristotle anamtaja Agathon, ambaye katika tamthilia yake moja matukio na majina yote yalikuwa ya kutunga.

Kwa nini Euripides anatoboa siri mwanzoni kabisa?

Kwa sababu hofu ina kazi kubwa kwake kuliko mshangao. Katika Hippolytus (428 KK) mungu wa kike Aphrodite anaingia wa kwanza na kutangaza kwamba leo hii atamwangamiza Hippolytus. Kisha kijana mwenyewe anaingia na wenzake kutoka kuwinda, wanaimba, na mtumishi mzee anamsihi amsalimu Aphrodite. Anakataa kwa dharau. Bila ule utangulizi hapa pangekuwa na mzee msumbufu na kijana mwenye kiburi. Baada ya utangulizi, kila neno la kijana ni hatua kuelekea shimoni.

Halafu usimwamini Euripides moja kwa moja. Katika Ion, mungu Hermes anaeleza mwanzoni jinsi mambo yatakavyokwenda: Creusa, aliyebakwa na Apollo na kumtupa mtoto, atakuja kumtambua mwanawe huyo watakapofika Athens. Mtazamaji anatulia. Kumbe mambo yanakwenda kombo. Creusa, bila kujua kijana wa hekaluni ni nani, anadhani ni mwana wa nje wa mumewe na anamtuma mzee ampe sumu kwenye karamu. Kikombe kiko mkononi mwa kijana. Mtumishi mmoja anatamka neno la mkosi, kijana anaagiza wote wamwage divai chini, njiwa wa hekaluni wanashuka kunywa, na yule aliyekunywa mbele ya Ion anatapatapa na kufa. Baadaye Ion anakuja kumtoa Creusa madhabahuni ili auawe. Mama alitaka kumuua mwana, sasa mwana anataka kumuua mama, na ahadi ya Hermes imeshapoteza thamani. Anayewaokoa ni kuhani wa kike wa Delphi, aliyekuja na kapu alilookotwa nalo mtoto, na Creusa anatakiwa ataje kilichomo bila kuchungulia.

Hapo Euripides amefanya jambo la kijanja: ametumia uhakika wa watazamaji kuwategea.

Kwa nini Oedipus Mfalme ya Sophocles inatajwa kila mara?

Kwa sababu inastahili, ingawa sababu inayotolewa madarasani mara nyingi siyo. Husemwa kwamba Sophocles anauficha ukweli hadi mwishoni. Haufichi hata kidogo. Mwaguzi kipofu Tiresias anamwambia mfalme uso kwa uso, tamthilia ikiwa bado changa, kwamba muuaji wa Laius, mfalme aliyemtangulia, anayemtafuta ni yeye mwenyewe. Neno limeshatoka, na hakuna anayeliokota: mfalme anaona ni njama za shemeji yake Creon. Kuanzia hapo tunasubiri neno lililokwisha kusemwa limwingie aliyeambiwa.

Tazama kamba inavyokazwa. Jocasta anataka kumtuliza mumewe. Uaguzi ni upuuzi, anasema: Laius aliambiwa atauawa na mwanawe, na wapi, aliuawa na majambazi pale njia tatu zinapokutana. Hayo ya njia tatu anayapitia tu. Oedipus ndiyo anayoyadaka, maana aliwahi kumuua mzee mahali kama hapo. Ni wapi hasa? Lini? Alikuwa na umbo gani? Alisafiri na watu wangapi? Kila jibu linamsogeza karibu. Tumaini linabaki kwenye hesabu moja: mtumwa pekee aliyenusurika alisema majambazi walikuwa wengi, na mtu mmoja hawezi kuwa wengi. Basi aitwe mtumwa huyo.

Kabla hajafika, anaingia mjumbe kutoka Corinth na habari njema: Polybus, anayedhaniwa baba wa Oedipus, amefariki kwa uzee, na kiti cha enzi kinamngoja. Oedipus anashusha pumzi, ila bado anaogopa ule utabiri wa kumwoa mama yake. Mjumbe, kwa wema wake, anamtoa hofu: wale hawakuwa wazazi wako, mimi mwenyewe nilikupokea ukiwa mchanga, vifundo vya miguu vimetobolewa, kutoka kwa mchungaji wa Laius. Jocasta amesimama papo hapo. Ameelewa. Anamsihi mumewe aache kuuliza, anashindwa, anaingia ndani. Sasa watazamaji wanajua, mke anajua, na mfalme anabaki akisema kwamba mwanamke huyu anaona haya isije ikagundulika ameolewa na mzao wa watumwa.

Mchungaji anapoletwa, kumbe ndiye yule yule mtumwa aliyenusurika. Na lile swali la hesabu aliloitiwa, walikuwa wengi au mmoja? Hakuna anayemuuliza. Limeshapitwa. Anaulizwa juu ya kitoto. Anakataa, anatishwa, mikono yake inakunjwa nyuma, majibu yanakuwa ya mstari mmoja mmoja, hadi analia kwamba amefikia lile la kutisha kulisema. Oedipus anajibu kwamba naye amefikia la kutisha kulisikia, lakini lazima alisikie.

Sijaona tanzia nyingine ya kale inayopanga maswali kwa ustadi huu.

Kinaya kinaingiaje hapo?

Kinaya ni pale watazamaji wanapoyasikia maneno ya mhusika kwa maana ambayo mwenyewe haioni. Oedipus anamlaani muuaji wa Laius hadharani na kuapa kumpigania marehemu kana kwamba ni baba yake mzazi. Mchimba kisima huingia mwenyewe, ila hapa tunahesabu majembe anayopiga.

Electra ya Sophocles inakigeuza kinaya kuwa mateso. Orestes amerudi kwa siri akiwa na chombo anachodai kina majivu yake mwenyewe. Dada yake anakishika na kuomboleza ndugu aliye hai, amesimama hatua mbili kutoka kwake. Je, kijana atavumilia, au atafungua mdomo na kuharibu mpango wote? Mwandishi Mrumi Aulus Gellius anasimulia kwamba mwigizaji mashuhuri Polus alipocheza nafasi ya Electra, mwanawe akiwa amefariki karibuni, alishika chombo chenye majivu halisi ya mtoto huyo.

Mwishoni Aegisthus anafunua shuka juu ya maiti kwa furaha, akidhani ni Orestes. Chini yake ni mkewe.

Kwa nini wahusika wengine wa Aeschylus wanakaa kimya muda mrefu?

Ukimya ndio silaha yake kubwa. Katika Agamemnon (458 KK) mfalme anarudi kutoka Troy na mateka, Cassandra. Tunamwona. Hasemi. Mfalme anakanyaga vitambaa vya zambarau na kuingia ndani, kwaya inaimba kwa wasiwasi, Clytemnestra anatoka kumwita mateka, anamfokea, anakata tamaa na kurudi ndani. Bado kimya. Watazamaji waliozoea waigizaji wawili wangeweza kudhani huyu ni bubu wa kujaza jukwaa. Ni baada ya mistari karibu 300 ndipo anapopasua kilio kwa Apollo, na kuanza kuona kila kitu: watoto waliochinjwa zamani katika nyumba hii, mfalme atakayeuawa bafuni muda si mrefu, na yeye mwenyewe baada yake. Wazee wa kwaya hawamwelewi, maana amelaaniwa asiaminiwe. Anaujua mlango ule unampeleka wapi, na anauingia kwa miguu yake.

Mbinu hii ilikuwa maarufu kiasi cha kudhihakiwa. Katika Vyura ya Aristophanes (405 KK), Euripides anamshutumu Aeschylus kwa kumkalisha Niobe na Achilles wamejifunika ushungi bila neno, ili mtazamaji akae akijiuliza Niobe atasema lini. Kusema kweli, shutuma hiyo ni maelezo mazuri kabisa ya taharuki.

Ipo na ya Pylades, rafiki wa Orestes katika tamthilia ya pili ya mfululizo unaoanza na Agamemnon. Hatamki kitu muda wote. Orestes anapomwinulia mama yake upanga na mkono kulegea, anamgeukia: nifanye nini? Pylades anasema mistari mitatu tu, kumkumbusha agizo la Apollo. Kisha hasemi tena.

Mbona mauaji hayaonyeshwi jukwaani?

Kwa kawaida yalitokea ndani, kisha mjumbe akasimulia au maiti zikasukumwa nje juu ya jukwaa lenye magurudumu. Matokeo yake ni kwamba mlango wa nyumba ukawa kitu cha kutisha kuliko upanga wowote. Agamemnon analia mara mbili akiwa ndani, na nje wazee wa kwaya wanaanza kupiga kura mmoja mmoja: tuingie au tusiingie?

Euripides, katika Medea (431 KK), anaucheza mlango huo kwa ufundi mkubwa. Watoto wamesikika wakilia ndani. Jason anafika mbio, anaamuru makomeo yafunguliwe. Kila jicho liko mlangoni, maana desturi inasema maiti zitatokea hapo. Badala yake Medea anaonekana juu kabisa, ndani ya gari la babu yake Jua, na maiti za watoto anazo yeye. Baba hawezi hata kuwagusa. Majaji wa mwaka ule walimpa Euripides nafasi ya tatu, yaani ya mwisho.

Nyimbo za kwaya si zinakata utamu?

Msomaji wa leo huziruka, na ndipo anapopoteza. Sophocles ana tabia ya kuweka wimbo wa furaha muda mfupi kabla ya balaa. Jocasta akishaingia ndani, kwaya inaanza kuimba kwa shangwe kwamba labda mfalme wao ni mwana wa mungu fulani na binti wa mlimani. Anayefuata kuingia ni yule mchungaji.

Kuna ushahidi kwamba watu walishikwa na taharuki kweli?

Upo, na ni wa kuchangamsha. Plutarch, mwandishi Mgiriki wa baadaye, anaizungumzia Cresphontes ya Euripides, ambayo leo tuna vipande tu. Malkia Merope anainua shoka amuue kijana aliyelala, akidhani ndiye muuaji wa mwanawe, kumbe ndiye mwana mwenyewe. Plutarch anasema ukumbi ulikuwa ukichafuka, watu wakisimama kwa woga asije akampiga kabla mzee hajamwahi.

Cicero, msemaji mashuhuri wa Roma, naye anasimulia tamthilia ya Pacuvius huko Roma. Mfalme anataka kumuua Orestes lakini hajui ni yupi kati ya vijana wawili. Pylades anasema "Orestes ni mimi", ili afe badala ya rafiki yake. Orestes anashikilia kwamba Orestes ni yeye. Watu, asema Cicero, walisimama na kupiga makofi.

Na mshairi Mrumi Horace ana kioja chake. Mwigizaji Fufius alikuwa akicheza nafasi ya Iliona, mama aliyelala anayetokewa na mzimu wa mwanawe ukimwita "Mama, nakuita". Fufius alikuwa amelewa, akalala kwelikweli. Kwa maneno ya Horace, watu 1,200 wakamsaidia mzimu kuita, na wapi.

Aristotle alisema nini kuhusu taharuki?

Hana sura yenye jina hilo. Anazungumzia huruma na woga, mambo kugeuka ghafla, na utambuzi, na anapendelea kugeuka na utambuzi vitokee pamoja kama kwa Oedipus. Penye utata ni hapa: katika sura ya 13 anazisifu tanzia zinazoishia kwenye maafa, kisha katika sura ya 14 anasema mpango bora kuliko yote ni ule wa Merope, ambapo mtu anamtambua ndugu yake sekunde chache kabla ya kumuua, na haui. Wataalamu wamejaribu sana kuzipatanisha sura hizo mbili. Kwangu mimi sura ya 14 inapima kitu kingine, yaani tukio moja na jinsi linavyoshika pumzi za watu. Na kwa kipimo hicho, shoka lililoinuliwa na halijashuka linalishinda lililoshuka.

Warumi walifanya tofauti gani?

Roma ilipata tamthilia yake ya kwanza ya Kilatini mwaka 240 KK, kwa mkono wa Livius Andronicus. Za Ennius, Pacuvius na Accius zimebaki vipande. Tanzia nzima tulizonazo ni zile za Seneca, mwalimu wa Nero aliyelazimishwa na Nero huyo huyo kujiua mwaka 65 BK, pamoja na chache zilizopachikwa jina lake.

Seneca hajali sana kuficha. Thyestes inaanza na mzimu wa Tantalus, babu wa ukoo, ukiburutwa kuja kuitia sumu nyumba yake. Atreus, ndugu wa Thyestes, anatueleza mpango. Mjumbe anasimulia jinsi watoto wa ndugu yake walivyochinjwa na kupikwa. Kisha tunaletwa mezani. Thyestes ameshiba, ana divai na shada kichwani, anajaribu kuimba. Machozi yanamtoka bila sababu. Mkono haumtii, divai inakimbia midomo, meza inatikisika, jua limekwisha kukimbia angani. Mwili wake umejua kabla yake. Anaomba aletewe wanawe. Atreus anamjibu kwa maneno yenye pande mbili kwamba wako hapa, na hakuna atakayekunyang'anya. Vichwa vinafunuliwa. "Je, unawatambua wanao?" "Namtambua ndugu yangu."

Lakini kwa taharuki safi, ya pumzi kwa pumzi, nenda Troades. Troy imeanguka, na Andromache amemficha mwanawe mdogo Astyanax ndani ya kaburi la marehemu mumewe Hector. Ulysses, kamanda wa Wagiriki, anakuja kumchukua akauawe. Mama anaapa kwamba mtoto yuko kati ya wafu, amepewa kaburi. Kila neno ni kweli! Ulysses anaamini, anageuka aende zake. Kisha anasita na kumtazama vizuri. Analia, ndiyo, lakini anahangaika huku na huku. Huyu, anajisemea, ana hofu kuliko huzuni. Anarudi na kumpa pole ya ajabu: una bahati mwanao kafa, maana angetupwa kutoka mnarani. Mama anatetemeka. Ulysses anawatuma askari watafute, halafu anapaza sauti: "Vizuri, ameshikwa, mlete!" Hakuna aliyeshikwa. Alitaka tu kuona mama atageuza macho upande gani.

Akishajua, anaamuru kaburi libomolewe, na mama anakabiliwa na hesabu isiyo na jibu: akinyamaza, mawe yatamwangukia mtoto, akisema, amemtoa.

Tanzia za Seneca ziliigizwa au zilisomwa tu?

Wataalamu hawajakubaliana. Horace alikuwa ameshaonya kwamba Medea asiwachinje watoto mbele ya umma. Medea wa Seneca anamuua wa pili juu ya paa, Jason akitazama kutoka chini. Iwe jukwaani au sebuleni kwa sauti ya msomaji mmoja, lile tukio la kaburi linafanya kazi yake.

Nianze na ipi?

Oedipus Mfalme, kwa kikao kimoja, bila kuruka kwaya. Kisha Ion, ambayo watu wengi hawaijui na ina mikasa mingi zaidi. Agamemnon ni ngumu kidogo kwa lugha yake ya mafumbo. Ukiona inakuzidi, soma kwanza kuanzia pale mfalme anapofika na gari lake hadi Cassandra anapoingia ndani, halafu urudi mwanzo. Ya Seneca ukitaka kuiigiza na wanafunzi, chukua tukio la kaburi katika Troades: wahusika wakuu wawili, mzee mmoja, askari wachache, na mtoto ambaye kwa sehemu kubwa haonekani.